Jiko la Udongo na Historia ya Kubana Mkaa

Watu wakizungumzia kubana matumizi ya nishati nyumbani, wengi hufikiria taa na bili ya umeme. Lakini katika nyumba nyingi za Uganda chakula hupikwa kwa kuni au mkaa, na kifaa cha kwanza cha kubana nishati ni jiko. Insha hii inaeleza historia ya jiko la mkaa lenye udongo ndani, na inauliza sifa yake ni ya nani.

Kwanza, tuangalie jina. Kwa Kiluganda jiko la mkaa huitwa sigiri, neno lenye asili ya India. Uingereza ilianza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, na ilileta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India. Inasemwa kwamba jiko la bati lilienea Afrika Mashariki kupitia kwao. Lilibebeka na lilifaa vyumba vya mjini, ila lilikuwa na kasoro kubwa. Bati likishapata moto, joto hupotelea pembeni. Asilimia 10 hadi 20 tu ya joto la mkaa ndiyo iliyofika kwenye sufuria.

Pili, mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla duniani. Miaka miwili baadaye mtafiti Erik Eckholm alionya kwamba maskini wana shida nyingine ya nishati, nayo ni kuni. Mwezi Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wa nishati mbadala jijini Nairobi. Katika miaka hiyo wataalamu nchini Kenya, miongoni mwao Maxwell Kinyanjui, walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand wakaliunganisha na jiko la bati. Udongo ulizuia joto lisitoroke.

Hata hivyo, jiko halikukamilika kwenye karatasi za wataalamu. Udongo wa majiko ya mwanzo ulipasuka. Akina mama walioyatumia walisema kasoro zake, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na Gikomba wakabadilisha umbo: kiuno kikawa chembamba na udongo ukawekwa sehemu ya juu tu. Mafundi walipoongezeka, bei ilishuka. Jiko hilo hufikisha asilimia 25 hadi 40 ya joto kwenye sufuria, na limeenea Uganda, Tanzania, Rwanda na kwingineko.

Historia hii ina maana leo. Mwaka 2023 Rais Yoweri Museveni alipiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa Uganda ili kulinda miti. Nia ni njema, kwani jiko bora hupunguza mkaa wa nyumba moja, lakini nyumba za mjini zinaongezeka kila mwaka, na miti haiwezi kuokolewa na jiko peke yake. Lakini amri nayo peke yake haipiki chakula. Mkaa ukiadimika, mama wa Kampala anayeununua kwa kopo ndiye anayeumia kwanza, naye hakuulizwa.

Wahenga walisema, jifya moja haliinjiki chungu. Jiko la udongo lilifaulu kwa sababu ya mafiga matatu: mtaalamu aliyeleta wazo, fundi aliyelitengeneza kwa bei nafuu, na mama aliyelijaribu kila siku na kusema ukweli. Mara nyingi vitabu humtaja wa kwanza tu. Kwa maoni yangu, serikali ikitaka tuache mkaa na kutumia gesi au umeme, ianze kwa kuwauliza hao wawili waliosahauliwa, maana wao ndio wanaojua bei ya moto.