PUA YA ARFAJAH NA JINO LAKO LILILOTOBOKA



Ndugu yangu, swali hili limerudi tena inboksi. Mtu ana jino limetoboka, daktari kamwambia linazibika, yeye anataka ling'olewe. Kisa? Kaambiwa kijiweni Kariakoo kwamba jino likizibwa maji hayafiki, josho la janaba halitimii, na swala zake zote hazina kitu. Gego zima liende kwa fatwa ya kijiweni! Hebu kaa nikusimulie.

Arfajah bin As'ad (r.a.) alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za Jahiliyya. Akajitengenezea pua ya fedha, ikaanza kunuka. Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume, unajua, lakini hapa ni tiba. Tirmidhi akaongeza kuwa wanachuoni kadhaa walifunga meno yao kwa dhahabu, na hoja yao ni hadithi hii.

Karne nne baadaye tabibu Zahrawi wa Cordoba akaandika katika Tasrif kuwa meno yanayolegea yafungwe kwa uzi wa dhahabu, kwani fedha huharibika rangi baada ya siku chache. Ni fedha ileile iliyomshinda Arfajah. Na jino lililokwisha kutoka, akaeleza namna ya kuchonga jingine kwa mfupa wa ng'ombe.

Sasa njoo nyumbani. Ukisimama Jangwani ukatazama upande wa Upanga, unaiona Muhimbili. Pale ndipo madaktari wa meno walipoanza kusomeshwa mwaka 1979, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shida yao ilikuwa vijijini: mashine ya kuchonga jino inataka umeme, umeme hakuna, basi kila jino bovu dawa yake ni koleo. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake wa chuo hicho wakajaribu njia nyepesi. Unakwangua kilichooza kwa vifaa vya mkono tu, kisha unaziba tundu kwa saruji ya meno. Umeme hautakiwi, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Njia hiyo ikapimwa Thailand, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu mzima. Imeanzia Tanzania, na wewe jirani wa Muhimbili unakimbilia koleo!

Tuje kwenye josho. Kwetu Mashafi'i kusukutua ni sunna, katika udhu na katika josho, kwa hiyo hofu hiyo haina pa kusimama. Walioiwajibisha katika josho, kama Mahanafi na Mahanbali, nao kilichoshikamana na jino, ambacho kukitoa ni madhara, wanachuoni wao wamekipa hukumu ya jino lenyewe. Kofia ya jino ni vivyo hivyo. Ila wewe mwanamume, kofia za kauri zipo, usije ukavalisha dhahabu jino zima la mbele ili ucheke ling'ae, kisha ukanitajia Arfajah.

Wallahu a'lam.