Kufundisha Kiingereza, au kwa Kiingereza?

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilipozinduliwa Februari 2015, baadhi ya vyombo vya habari vya nje viliripoti kwamba Tanzania imeachana na Kiingereza shuleni. Aliyesoma tamko moja tu alikuwa na haki ya kuamini hivyo, kwani lilieleza kuwa Kiswahili kitatumika kufundishia na kujifunzia katika ngazi zote. Tamko lililofuata, hata hivyo, lilisema Serikali itaendelea kuimarisha Kiingereza katika kazi hiyo hiyo, na katika ngazi hizo hizo.

Mwaka wa kuanza haukutajwa, wala darasa. Walioingia kidato cha kwanza baada ya hapo waliendelea kusomeshwa baiolojia na hisabati kwa Kiingereza, ilhali miaka saba ya msingi wengi wao walikuwa wamejifunza kwa Kiswahili.

Utata huo una historia. Sera ya elimu ya mwaka 1995 iliagiza Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Miaka miwili baadaye Sera ya Utamaduni, iliyotolewa na wizara ile ile, iliahidi mpango maalumu wa kuwezesha elimu ya ngazi zote kutolewa kwa Kiswahili. Mpango huo “utaandaliwa na kutekelezwa”. Na nani, kwa fungu gani, kauli ya kutendwa ilikaa kimya. “Kuendelea” hakudai kitabu kipya wala mafunzo mapya ya walimu, na ndiko kulikotekelezwa.

Tume ya Rais ya mwaka 1982, chini ya Jackson Makweta, haikuficha neno. Ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza mwaka 1985, kisha vyuo vikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Pendekezo lilikuwa wazi kiasi cha kuweza kukataliwa waziwazi, na Serikali ililikataa. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia, kauli fupi ambayo huenda inakumbukwa na wengi kuliko ripoti nzima ya tume.

Mjadala wenyewe umebanwa mno katika swali la “Kiswahili au Kiingereza”. Mzazi anayeulizwa hivyo husikia kwamba mwanawe atanyimwa Kiingereza. Wanaisimu wengi waliolitafiti suala hili wanatenganisha mambo mawili: kufundisha Kiingereza, kama somo lenye walimu mahiri, na kufundisha fizikia kwa Kiingereza. Tofauti iko katika kijineno “kwa”, na wapo wazazi wanaolipa ada kubwa wakiamini kuwa mambo hayo mawili ni jambo moja.

Toleo la sera la mwaka 2023, lililozinduliwa mapema mwaka 2025, limekibakiza Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia sekondari.