Jicho la kuingia tumboni: kutoka jeraha la bunduki hadi kidonge kinachoongozwa na sumaku

BARAKA – Katika teritware ya Fizi, mtu akikonda, akatapika damu na kushindwa kumeza chakula, neno la kwanza linalosikika mara nyingi ni sumu. Huko Bukavu wanasema karuho. Jirani anatazamwa vibaya, mke mwenza anashtakiwa, na familia zilizokimbia vita pamoja zinaachana. Wakati huo ugonjwa unaendelea tumboni, mahali ambapo hakuna anayeona. Waganga nao walikaa karne nyingi wakikisia tu. Historia yao ya kutafuta njia ya kuona ndani ni ndefu, na Kivu imo katika historia hiyo.

Mmoja wa watu wa kwanza ambao tumbo lao lilichunguzwa kwa macho alikuwa mfanyakazi maskini aliyepigwa risasi. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya na kumjeruhi Alexis St. Martin, kijana kutoka Canada aliyefanya kazi kwa wafanyabiashara wa ngozi. Alipona, lakini tundu la kuingia tumboni halikufunga. Mganga wa jeshi, William Beaumont, alimwajiri, na kwa miaka kadhaa alikuwa akifunga vipande vya chakula kwa uzi, akiviingiza kwenye tundu hilo na kuvitoa tena kuvitazama. Kitabu chake cha mwaka 1833 kilionyesha kwamba tumbo lina maji makali yanayoyeyusha chakula. St. Martin aliishi na tundu hilo hadi kifo chake mwaka 1880.

Lakini waganga hawawezi kungoja risasi ili waone. Mwaka 1868 Adolf Kussmaul wa Freiburg, Ujerumani, alipitisha bomba la chuma lililonyooka kwenye koo la mtu aliyezoea kumeza upanga mbele ya watazamaji. Bomba liliingia, ila mwanga ulikuwa hafifu na hakuona mengi. Mwaka 1932 Mjerumani mwingine, Rudolf Schindler, akishirikiana na fundi Georg Wolf, alitoa bomba lenye ncha inayopinda. Miaka miwili baadaye Schindler, aliyekuwa na asili ya Kiyahudi, alifungwa na utawala wa Hitler. Alipotoka alikimbilia Chicago na kuendelea na kazi yake huko. Mwaka 1950 Wajapani walitengeneza kamera ndogo ya kupiga picha ndani ya tumbo.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1957. Basil Hirschowitz, mganga aliyezaliwa Afrika Kusini na kufanya kazi Michigan, Marekani, alitumia nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga hata zikipindwa. Alimeza kifaa hicho yeye mwenyewe kwanza, ndipo akakitumia kwa mgonjwa. Kutokana na nyuzi hizo ndipo lilipotoka jina ambalo wagonjwa wa Kongo wanalijua hadi leo: fibroskopi.

Mpira wa fibroskopi ulifika Kivu pia, na ulifika wakati wa mjadala mkubwa. Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na asidi nyingi na mawazo mengi. Huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walikuwa wakikuta vijidudu ndani ya matumbo ya wagonjwa, na wengi hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall alikunywa maji yenye vijidudu hivyo. Baada ya siku chache alianza kutapika, na alipochunguzwa tumbo lake lilionekana limevimba. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Kijidudu hicho kinaitwa Helicobacter pylori. Mwaka 1994 Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lilikiweka kati ya visababishi vya kansa kwa binadamu.

Watafiti walitaka kujua hali ilivyo kwa wanakijiji wa Afrika. Mwaka 1991, wakati nchi ikiitwa bado Zaire, Youri Glupczynski na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa fibroskopi katika vijiji vya Kivu. Vijidudu hivyo vilikutwa kwa wengi wa waliochunguzwa. Ndiyo kusema, zaidi ya miaka 30 iliyopita, maumivu ya tumbo ya watu wa mkoa huu yalikwisha kuonekana kwa macho, na chanzo kimoja kilikuwa na jina.

Tatizo ni kwamba watu wengi huogopa mpira huo. Unapita kooni, unaleta kichefuchefu, na wengine hukataa katikati. Hapo ndipo ilipozaliwa kamera ya kumeza. Gavriel Iddan, mhandisi wa Israeli aliyekuwa akitengeneza macho ya makombora, aliwaza kuweka kamera, taa na redio ndani ya kidonge chenye urefu wa sentimita mbili na nusu hivi. Mwaka 2000 yeye, Paul Swain wa London na wenzao walitangaza matokeo yao, na mwaka 2001 Marekani iliruhusu kidonge hicho kitumike.

Kidonge kilifaa kwa utumbo mwembamba, kwa sababu utumbo unakisukuma wenyewe. Kwenye umio, yaani bomba la chakula, kinapita kwa sekunde chache tu. Tumboni, mahali papana kama mfuko, kinajigeuza ovyo na kuacha sehemu bila kuziona. Swain na wenzake wakajaribu kukiongoza kwa sumaku iliyoshikwa mkononi nje ya mwili, na mwaka 2010 wakatangaza jaribio hilo kwa binadamu. Siku hizi mgonjwa analala kitandani akiwa hajala, anakunywa maji ili tumbo litanuke, na sumaku kubwa iliyo juu yake inageuza kidonge huku na huku kwa amri ya mganga. Mwaka 2016 hospitali saba za China zilitoa matokeo ya wagonjwa 350 waliopimwa kwa njia zote mbili: kidonge kiliona karibu asilimia 90 ya madoa yaliyoonwa na mpira, na karibu wote walisema wangependa kidonge. Marekani ilikiruhusu mwaka 2020.

Hata hivyo, kidonge kinaona tu. Hakikati kipande cha nyama cha kupimwa kansa, wala hakizuii damu. Katika hospitali ya Tenwek, Bomet, nchini Kenya, wagonjwa wa kansa ya umio huwekewa bomba dogo ndani ya koo ili wameze tena. Kazi hiyo bado inahitaji mpira na mkono wa mganga. Tena, eneo lililopita katika vita lina jambo lake: mwenye kipande cha bomu au chuma kingine mwilini lazima aseme mapema, maana sumaku huvuta chuma.

Kutoka Baraka hadi Uvira ni karibu kilomita 90, na Bukavu, penye fibroskopi, ni mbele zaidi. Barabara ikifungwa, hata mpira ni ndoto. Lakini kijidudu cha tumbo kinaweza kutafutwa pia katika choo cha mgonjwa au pumzi yake, na kinatibiwa kwa antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa siku zote alizoandika mganga. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, vinavyonunuliwa sokoni bila cheti, navyo hutoboa tumbo. Kutapika damu, choo cheusi kama lami, kukonda bila sababu au chakula kukwama kooni ni dalili za kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna watu wanaopewa sumu kweli, na hao pia wanahitaji mganga haraka. Lakini kidonda kina sura yake, na kansa ina sura yake. Mganga aliyeviona anaweza kumtibu mgonjwa, na anaweza pia kumwokoa jirani anayesubiri kufukuzwa kijijini kwa kosa ambalo hakulifanya.