Hesabu ya Mchangani

Nikiwafundisha vijana wa Kolwezi kuandika programu kwa fanksheni, sianzi na lugha ya Lisp ya John McCarthy ya 1958. Naanza na sona, michoro ya Wachokwe, wanaoishi na Walunda kule Sandoa. Mjuzi alisawazisha mchanga, akatia nukta kwa ncha za vidole, akazizungushia mstari bila kuinua kidole, huku akisimulia. Wavulana walianza kujifunza mukandani, yaani kwenye kambi ya jando. Mwaka 2023 UNESCO iliorodhesha sona za Angola kuwa urithi wa utamaduni.

Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji, alionyesha kwamba kwenye sona za mtindo wa mkeka, idadi ya mistari ni kigawo kikubwa cha shirika cha nukta za upana na za urefu. 5 kwa 6: mstari mmoja. 4 kwa 6: miwili.

Hiyo ni fanksheni safi: namba zilezile, jibu lilelile. Tena hujiita yenyewe: kwenye 4 kwa 6 kata mraba, inabaki 4 kwa 2, kata tena, 2 kwa 2, jibu 2. Swali halibadiliki, namba ndizo zinazopungua. Asiyeamini, achore.