Unataka Kubuy Keja? Cheki Hizi Vitu Kabla Utoe Hata Shilingi

Umeseivu miaka nane, ukakula githeri ukijua kuna siku utaitwa mwenye nyumba. Halafu ajenti anakupeleka saa nne asubuhi, jua limewaka, rangi ni mpya, tailsi zinameremeta. Anakuambia kuna wasee wengine watatu wanaitaka. Maze, hapo ndio watu huchezwa.

Anko wangu alibuy mesoneti hivo hivo. Mvua ya kwanza ilipiga, ukuta wa bedrumu ukaanza kutoka jasho. Kumbe ile rangi mpya ilikuwa ya kuficha. Kurekebisha kulimla doh ya kusomesha mtoto mwaka mzima.

Kukagua keja si kutembea kwa vyumba ukisema "hii ni fiti." Kuna kukagua makaratasi na kuna kukagua mjengo. Zote zinafanywa kabla usaini mkataba na utoe dipoziti, ambayo kawaida ni asilimia 10 ya bei.

Anza na shamba, si ukuta

Keja inaweza kuwa moto lakini imekalia ardhi ya mtu. Novemba 2011 nyumba za Syokimau zilibomolewa, ikisemwa ardhi ni ya mamlaka ya viwanja vya ndege, na wenyewe walikuwa na makaratasi mkononi. Oktoba 2023 ikawa Athi River, kwa ardhi ambayo korti ilisema ni ya kampuni ya simiti ya East African Portland. Watu walikesha nje na masofa yao.

Kwa hivyo fanya sachi rasmi. Nairobi inafanyiwa kwa Ardhisasa, sistimu iliyozinduliwa Aprili 2021. Eneo likiwa bado halijaingia huko, nenda ofisi ya ardhi inayohusika. Sachi inakuonyesha jina la mwenye ploti, ukubwa wake, kama benki imeishikilia juu ya mkopo, na kama kuna mtu ameweka zuio. Ifanye wewe ama wakili wako. Ile kopi muuzaji anakuletea ameprinti mwenyewe si sachi, ni picha tu.

Lipa pia savea aende akuonyeshe bikoni. Unaweza kupata ukuta umeingia kwa barabara, ama keja iko karibu sana na mto. Agosti 2018 majengo makubwa ya Nairobi yaliyosemekana kukalia kingo za mito yaliangushwa, moja ikiwa mol pale Lang'ata Road. Kama mol iliangushwa, mesoneti yako ni nani?

Sasa ingia kwa keja

Nyufa: Laini nyembamba kama nywele kwa plasta ni kawaida. Zile za kupanda mshazari kutoka kona ya dirisha ama mlango, ama zenye sarafu inaingia, ita injinia. Ukiwa pande za Athi River na Kitengela chunga zaidi, juu ule udongo mweusi huvimba mvua ikinyesha na hupasuka kiangazi. Msingi ukifanywa ovyo, nyumba inacheza nao.

Unyevu: Tumia pua. Fungua kabati, cheki nyuma ya mapazia na chini ya sinki. Rangi mpya kwa ukuta mmoja pekee? Uliza kwa nini.

Maji: Fungua mifereji yote mara moja halafu flashi choo. Presha ikikufa hapo, itakufa kila asubuhi ukienda kazi. Uliza maji huja siku ngapi kwa wiki, na tanki ni la lita ngapi.

Stima: Jaribu kila swichi na kila soketi. Fundi wa stima aangalie waya na athi. Cheki pia kama mita ni yako peke yako ama mnagawana.

Tailsi: Zigonge na sarafu. Zikilia kama debe tupu, chini hakuna simiti ya kutosha.

Maji taka: Yanaenda wapi, sua ama septiki? Septiki hujazwa na nani, na hutolewa na nani?

Rudi mara ya pili bila ajenti

Nenda usiku. Nenda baada ya mvua. Nenda Jumatatu asubuhi uone jam. Ongea na soja wa geti, mama mboga na jirani. Hao ndio wanajua kama barabara hugeuka mto na kama kuna klabu inapiga ngoma hadi che.

Nani atakukagulia?

Injinia wa mjengo awe amesajiliwa na Engineers Board of Kenya. Usiogope kumuuliza namba yake. Na kama unachukua mkopo, jua hivi: valua anayetumwa na benki anaangalia kama keja inatosha kulinda doh ya benki. Hayuko hapo kukuhesabia nyufa. Usimhesabu kama injinia wako.

Keja ikiwa bado ni michoro, hakuna ukuta wa kugonga. Hapo unakagua watu: kontrakta awe kwa rejista ya National Construction Authority, na mkataba useme unalipa kulingana na hatua za mjengo, si kulingana na kelele za ajenti. Apatimenti nayo, hakikisha utapata hati ya yuniti yako chini ya sheria ya Sectional Properties ya 2020.

Ukipata kasoro, ufanye nini?

Si lazima ukimbie. Andika orodha, piga picha, halafu chagua: muuzaji arekebishe kabla ulipe, ama ashushe bei, ama uende zako. Chochote mnakubaliana kiingie kwa mkataba. Ahadi ya mdomo huisha pesa ikiingia akaunti.

Lakini mambo mawili hayana kubargeini: hati yenye shida, na mjengo wenye injinia anasema si salama. Aprili 2016 gorofa ilianguka Huruma usiku wa mvua kubwa na ikaua watu zaidi ya 40. Hakuna bei poa ya nyumba kama hiyo.

Kulipa wakili, savea na injinia inauma, ni kweli. Lakini ajenti akikuambia hakuna haja ya wao, hiyo peke yake inatosha kukuamsha. Keja fiti haiogopi kukaguliwa.