Je, Swila Hudhurika kwa Sumu Yake Mwenyewe?

Swila humeza panya aliyejaa sumu yake mwenyewe, naye hadhuriki. Hilo pekee si ushahidi wa kinga, kwani sumu ya nyoka ni protini na tumbo huimeng'enya kama nyama nyingine. Kipimo cha kweli ni sumu inapoingia mwilini kwa jeraha. Sumu ya swila hupoozesha kwa kung'ang'ania vipokezi vya misuli, vile vinavyopokea amri ya neva. Kwa swila wa Misri, anayepatikana pia Kenya na kaskazini mwa Tanzania, kipokezi hicho kimebeba molekuli za sukari pale pale ambapo sumu ingeshika, hivyo inakosa nafasi. Cha kustaajabisha zaidi, nguchiro, adui yake, ana kinga ya namna hiyo hiyo.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba nyoka hufa wakiumana. Ni kweli wanaweza kufa, lakini meno yenyewe hutoboa viungo, na sumu ikizidi kiasi hulemea kinga. Tena kinga hiyo hulenga sumu ya jamii yake. Haimhakikishii swila usalama dhidi ya kifutu, ambaye sumu yake huharibu nyama na mishipa ya damu.