Somo la Kuvumwani na Daktari Hedwig

 Leo twasoma historia, lakini kitabu chetu ni ukuta. Tafuteni ukuta wa zamani usiokauka upesi baada ya mvua. Huenda mkaona kitu kama kipande cha zulia, rangi yake kijani iliyochanganyika na fedha. Hiyo ni kuvumwani. Wengi huidhani uchafu, wakaikwangua kwa jembe.

Ng'oeni kidogo, mtazame kwa kioo cha kukuzia. Kila kijiti kimejaa majani yaliyolaliana kama vigae vya paa. Jani ni pana, umbo lake kama yai, nalo limebonyea kama kijiko. Sasa angalieni ncha: haina ukijani hata kidogo. Ncha hizo nyeupe ndizo ziipazo rangi ya fedha ikikauka. Wataalamu huiita Bryum argenteum. Neno la pili ni Kilatini, maana yake "ya fedha". Huota Afrika, huota Ulaya, hata Antaktika.

Majani madogo hivi nani alikuwa na saburi ya kuyachungua? Johannes Hedwig, tabibu aliyezaliwa Transilvania mwaka 1730. Alisomea Leipzig, akarudi kwao, akanyimwa ruhusa ya kutibu kwa kuwa shahada yake ilikuwa ya ugenini. Basi akahamia Chemnitz, Ujerumani. Mchana ulikuwa wa wagonjwa. Kuvumwani ilipata alfajiri na jioni. Wakati ule wataalamu walibishana jinsi mimea hii inavyozaa. Yeye, kwa hadubini yake, alivitambua viungo vyake vya kiume na vya kike. Alikufa 1799. Kitabu chake kikubwa kilitoka 1801, na mpaka leo majina ya karibu kuvumwani zote huhesabiwa tangu kitabu hicho.

Mtauliza, yatuhusu nini? Katika milima ya Uluguru, Tamás Pócs, mtaalamu kutoka Hungaria, alipima mimea iotayo juu ya miti, kuvumwani ikiwamo. Mwaka 1980 alieleza kwamba katika msitu wa ukungu kule juu, hekta moja yaweza kushika lita 50,000 hivi za mvua moja. Maji hayo hudondoka polepole. Nanyi mnayo milima ya Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma. Achomaye msitu wa mlimani huchoma na mtungi wake wa maji.

Kazi ya juma hili: leteni darasani kuvumwani ya ukutani na nyingine ya gome la mti. Choreni jani la kila moja, na chini yake mwandike rangi ya ncha.